Kwa Nini Nilikataa Kulamba Jicho la Zuhura

Mbukwenyi, nawasalimu, nyie mafundi wa lile ghorofa nyuma ya nyumba yangu hapa Nkuhungu. Najua mlinuna. Mlinuna Jumatano, mkanuna na Alhamisi, na Baraka, ambaye ndiye mkubwa wenu, alipita mbele ya mlango wangu akanitupia shikamoo ya haraka haraka kama mtu anayetupa ganda la muwa. Niliitikia marahaba, nikasema moyoni, huyu bado ana la kwangu. Sasa nimekaa na daftari la mjukuu nikuandikieni mambo yaeleweke. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, ikalieni mpaka inyooke.

Nianze na hiyo Jumatano, kwa ajili ya wenzenu ambao hawakuwepo. Ilikuwa mchana, niko kibarazani nachambua mlenda, nikaona watu wanne wanakuja wamemshika Zuhura, yule binti wa Kondoa anayekata vyuma vya madirisha kwa mashine. Mkono kauweka juu ya jicho la kushoto. Miwani yake ya kazi anayo, mpya kabisa, imekaa juu ya paji la uso.

Baraka akasema, "Shikamoo bibi. Tumeambiwa una ulimi."

Nikamwambia kila mtu ana ulimi.

"Ule wa kutoa vitu machoni, bibi. Mzee wa dukani katuambia ulikuwa bingwa. Kimemwingia kichuma. Mlambe mara moja turudi kazini."

Nikasema silambi. Nikamkataza Zuhura kusugua, nikamkataza hata kufinya. Nikachukua kikombe cha plastiki cha uji, nikakiegemeza kwenye mifupa ya uso ili jicho likae ndani bila kuguswa na chochote, nikakifunga kwa kipande cha kanga. Nikamwita kijana wa bajaji nikamwambia hospitali, si duka la dawa. Mmoja wenu, ambaye simtaji ingawa jina lake ni Emanueli, akanong'ona kwamba wazee wa siku hizi wanabania ujuzi. Nilimsikia. Masikio yangu hayajazeeka kama anavyodhani.

Basi ujuzi ninaoubania ndio huu.

Mimi nilikuwa mponda kokoto. Mashine za kusaga mawe zilikuwa hazijafika, au zimefika kwa wakubwa tu. Nyumba nyingi mnazopita pale Makole zina mkono wangu ndani ya zege. Nilizaliwa Gulwe, kwenye reli, ambako watoto tulijua habari za mawe mapema, maana maji ya masika yakichukua tuta la reli, mawe yanatafutwa kila mahali. Nilipokuja Dodoma nilipokewa na dada yake mama, Foibe. Mimi nikamwita mama mkubwa, na watu wengine wote wakamwita Mama Foibe, hata waliomzidi umri. Ndiye aliyenipa nyundo ya kwanza.

Chini ya mlima tulikuwa wanawake tisa. Foibe mwenyewe, Perisi, Damari mrefu, Damari mfupi, Eunike, Mariamu wa Bahi, Nyendo, Salome aliyekuwa haachi kuimba, na mimi Yudita. Msihangaike kuyashika majina, nayashika mimi. Juu ya mlima walikuwa wanaume, wanapasua miamba kwa tindo na nyundo kubwa. Vipande vinateremshwa kwetu, sisi tunaviponda mpaka viwe kokoto za kumwagia zege.

Mnadhani kuponda ni nguvu. Si nguvu. Jiwe lina njia yake, kama kuni. Unaligeuza kwanza, unatafuta mstari, ndipo unapiga mara moja. Anayepiga mara tano anatengeneza vumbi, na vumbi hakuna anayelinunua. Tena usilishike jiwe kwa vidole vitupu. Foibe alitukatia mpira wa tairi kuukuu tukautengenezea pete ya kutosha ngumi, jiwe linakaa ndani ya pete, unapiga juu yake. Vidole vinapona, na vipande vingi vinabaki mle mle.

Vingi, sikusema vyote. Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu.

Tulikuwa tunakaa duara. Kazi ya kokoto inachosha kichwa kuliko mkono, na bila maneno siku haisogei. Na maneno yanataka uso. Perisi akisimulia habari za wifi yake ilikuwa lazima umwone anavyobinua midomo, vinginevyo umepata nusu ya habari. Basi nyundo tisa zinatazama nyuso tisa. Jiwe likipasuka, kipande kinaruka kwenda katikati, kikivuka katikati kinamkuta mwenzako amefungua macho na mdomo anakusikiliza. Tulijua kabisa. Lakini ukijaribu kugeuka unaulizwa, "Yudita, nani kakukosea?" Kumpa mtu mgongo kwetu ni kumwambia humtaki.

Kwa hiyo kila siku kulikuwa na jicho. Na kwa kuwa kulikuwa na jicho, kulikuwa na ulimi.

Msicheke. Ni kazi, ina taratibu zake. Foibe ndiye aliyekuwa nao kwanza, lakini alipoanza kuweka ugoro mdomoni watu wakaanza kuvumilia chembe zao. Ndipo akanifundisha mimi. Unasukutua maji mara tatu. Unamkalisha mtu atazame mwanga. Unafungua kope kwa vidole viwili, unapitisha ncha ya ulimi polepole kutoka pembeni kuelekea puani. Ulimi una akili kuliko kidole, chembe unaigundua kama mchanga kwenye wali. Unaitema, unamwambia mgonjwa haya kaponde. Watu walitoka hata kwenye machimbo ya jirani kunifuata. Nilikuwa na umri kama wa Zuhura, na kichwa kilinivimba, sikatai.

Sikuwa bingwa kila siku. Kuna mchana Damari mfupi alileta pilipili za kwao, tukala na ugali wa uwele, nikazisifu sana. Hatujanawa, akaja Athumani, dereva wa lori la kokoto, kashika jicho. Nikasukutua mara tatu kama nilivyofundishwa, nikalamba. Pilipili haisikii kusukutua, wajukuu zangu. Athumani alilizunguka lori lake mara nne akimwita mama yake, naye mama yake alikuwa Kilosa. Chembe ilitoka, nasema kweli mbele ya Mungu, machozi yaliisomba. Lakini tangu siku ile, akifika kupakia, anauliza kwanza akiwa ndani ya lori na vioo amefunga: "Leo mmekula nini?"

Sasa nimfikie Yusto.

Yusto mnamjua, ni yule babu mnayemkuta kwenye kiti hapa kibarazani. Wakati ule alikuwa mpasua miamba, kijana wa maneno machache, ana miguu mirefu mpaka suruali zote zilikuwa zinaishia njiani. Mara ya kwanza aliteremka mlimani na chembe ya kweli, nikaitoa, akasema asante, akaondoka. Ijumaa iliyofuata akaja tena. Kafungua jicho, nikaangalia, nikalamba, sikuona kitu.

"Hamna kitu," nikamwambia.

"Angalia vizuri," akasema.

Nikaangalia vizuri. Hamna. Ijumaa nyingine, huyo anateremka. Na nyingine. Jicho lile lile la kushoto. Foibe akasema jicho la Yusto lina kalenda. Wenzangu wakaanza kuchunguza, wakagundua kwamba Ijumaa ananawa uso kabla ya kuteremka na kujipaka mafuta. Perisi akawa anauliza kwa sauti, mtu mwenye jiwe jichoni anapata wapi nafasi ya kutafuta mafuta? Yusto anasikia, anatazama chini, na Ijumaa inayofuata yuko pale pale. Mimi nilikuwa nasema hamna kitu kwa sauti ya ukali, lakini Ijumaa sikuwa nakula pilipili. Wala kitunguu.

Kulikuwa na jambo moja jingine, nalo lishikeni. Tindo la Yusto lilikuwa la siku nyingi. Tindo likipigwa nyundo mwaka mzima, kichwa chake kinachanua kama uyoga, kinaota kingo nyembamba zinazopinda kwenda chini. Foibe aliliona akasema, "Yusto, tindo lako limeota masharubu. Lipeleke kwa mhunzi akalinyoe." Yusto akajibu ndiyo mama, Ijumaa nikitoka kazini napita mjini kwa mhunzi. Ijumaa ikifika anateremka kwangu. Kwa mhunzi hakufika.

Basi ikaja Ijumaa ya kumi na tatu. Nazijua kwa hesabu kwa sababu wenzangu walikuwa wanazihesabu. Yusto aliteremka mapema, hajanawa, hana mafuta, ana vumbi mpaka kwenye nyusi, kashika jicho. Duara zima likaangua kicheko. Salome akaanza wimbo wa harusi. Nami, badala ya kumtazama yeye, nikawatazama wao. Nikafungua kope. Niliona kidoa chekundu kwenye weupe, kidogo kama kichwa cha pini, hakuna mchanga, hakuna chembe. Nikalamba. Sikugusa kitu. Nikalamba tena, hii ya pili ya kuwafurahisha wenzangu.

"Hamna kitu."

"Angalia vizuri."

"Yusto, nimeangalia vizuri Ijumaa kumi na mbili."

Wakacheka, naye akacheka. Akasema haliumi sana, ni kama kuna ukungu tu. Nikadhani ni maneno ya kijana anayetaka kuchumbia. Akapanda mlimani.

Jumamosi alifanya kazi. Jumapili kanisani nilimwona upande wa wanaume, ameinamisha kichwa, nikafikiri anasali. Jumatatu hakuja mlimani. Jumanne mimi na Foibe tulimfuata chumbani kwake. Alikuwa ameketi amegeukia ukuta, jicho limevimba, mwanga kidogo wa mlangoni unamfanya apige kelele. Jirani mmoja alishamtilia maziwa ya mama anayenyonyesha, mwingine alikuwa anachemsha majani. Foibe akamwaga majani. Tukamwinua, tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke, mfupi, hana haraka. Akauliza alikuwa anafanya kazi gani. Tukasema anapiga tindo. Akauliza, nyundo ya chuma kwenye tindo la chuma? Tukasema ndiyo. Akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba ukingo wa tindo ulikatika, kipande kidogo kuliko punje ya uwele, kikaruka kwa kasi na moto wake, kikatoboa jicho kikaingia ndani. Kinapita upesi hata hakiumi sana, na tundu linajifunga nyuma yake. Ndiyo maana hatukuona kitu.

Kisha akauliza nani alilitazama kwanza.

Nikasema mimi.

"Ulifanya nini?"

Nikamwambia. Foibe aliangalia sakafu.

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema mdomo wa mtu yeyote, hata uliosukutuliwa, una wadudu wake, na jicho lililotobolewa halipaswi kuguswa na kitu chochote, si ulimi, si maziwa, si majani. Akasema, "Mngemleta Ijumaa, leo tungekuwa tunaongea mengine."

Walikitoa kile kichuma. Jicho halikuona tena.

Wodini Yusto aligeuzia uso ukutani. Akaniambia niende, nitafute mwenye macho mawili, mimi bado binti. Nilikaa tu nautazama ule mkanda mweupe wa bandeji kichwani mwake, na nilipokuwa nautazama ndipo nikaliona jambo ambalo tangu Ijumaa sikuliona. Mkanda ulikuwa umefunika jicho la kulia. Ijumaa zote kumi na mbili alishika la kushoto. Siku ile alishika la kulia, na mimi, mwenye macho mawili mazima, sikutambua.

Nililia, halafu mdomo wangu ukasema wenyewe, kama kawaida yake: "Yusto, lililokufa ni lile la kweli. Limebaki la uongo."

Kisha kitanda kikaanza kutikisika. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kama ana degedege. Tulifunga ndoa baada ya mavuno.

Kule mlimani, Foibe aliporudi, alifuta duara. Alitupanga mstari mmoja, wote tunatazama mlima, upepo uko mgongoni, mtu na mwenzake hatua tatu. Tulimchukia mwezi mzima. Umbea wa mstari hauna siri, lazima upige kelele umfikie Damari mfupi kule mwisho, na matokeo yake wanaume wa mlimani wakajua habari zote za wifi yake Perisi. Wifi alikuja mwenyewe kulalamika. Lakini vipande viliruka mbele, vikaangukia udongo.

Na matindo yote, kila yakianza kuchanua, yanakwenda kwa mhunzi. Yusto mwenyewe ndiye alikuwa anayakusanya.

Miwani nayo ina hadithi yake. Foibe alianza na miwani ya kusomea ya marehemu mumewe. Aliinua nyundo, jiwe analiona kubwa kama mbuzi, akapiga kidole gumba. Akaivua, akairudisha kwenye Biblia. Baadaye tulinunua miwani ya jua ya mnadani, nyeusi tii, tisa za aina moja. Wapita njia walikuwa wanasimama. Wengine walidhani sisi ni wapiga muziki tumekosana na mwenye ukumbi. Ile miwani haikuwa ya maana, kipande kikubwa kinaivunja, na pembeni iko wazi. Ya kwenu imefunga kila upande, mmepewa bure na mwenye kazi, nanyi mnaivisha paji la uso. Paji halina jicho, wajukuu zangu.

Ulimi wangu sikuutumia tena. Walikuja wengi. Niliwaambia vumbi na mchanga vinataka maji safi, mengi, yanayotiririka, na kupepesa macho. Saruji au chokaa ikiingia, maji muda mrefu kuliko unaodhani unatosha, halafu hospitali. Chuma, au kitu chochote kilichoruka kutoka kwenye nyundo na mashine, usikiguse, funika kwa kikombe, nenda. Kisipouma usifurahi, nenda upesi zaidi. Wengine walinitukana kama Emanueli alivyofanya, tena wao walinitukana kwa sauti.

Jumamosi Zuhura alikuja kunisalimia, jicho limefunikwa pamba safi, mkononi kilo ya sukari. Kichuma chake kilikuwa kimekwama juu juu, daktari alikitoa kwa chombo chake kabla hata hajamaliza kuogopa, na ataona kama zamani. Nikamuuliza miwani ilikuwa inafanya nini kwenye paji. Akasema inashika ukungu wa jasho, haoni anachokata. Hilo ni neno la haki, si uzembe. Basi chukua kipande cha sabuni kavu, paka kidogo sana ndani ya kioo, futa kwa kitambaa kikavu mpaka usione sabuni, ukungu hautakaa. Na ukitaka kufuta jasho, zima mashine kwanza, sogea pembeni, ndipo uivue. Baraka, na wewe unayesoma hapa, ukimwona mtu ameipandisha miwani huku mashine inazunguka, usingoje kumhurumia baadaye.

Zuhura alikaa na Yusto hapa kibarazani. Akamuuliza, kwa heshima, kama aliwahi kunikasirikia mimi.

Yusto alifikiri. "Nitamkasirikiaje? Nilishamdanganya mara kumi na mbili."

Zuhura akacheka. Mimi nikaingia ndani kuweka sukari, nikakaa huko kidogo.

Leo ninapoandika ni Ijumaa. Yusto ametoka uani sasa hivi. Amenawa uso, amejipaka mafuta, amekuja akipapasa ukuta kwa mkono mmoja na kwa mwingine ameshika jicho la kushoto.

"Yudita, kuna kitu."

Naweka kalamu chini. Nanawa mikono kwa sabuni. Namkalisha atazame mwanga, nafungua kope kwa vidole viwili. Naangalia juu, naangalia chini, naangalia pembeni zote mbili, kwenye weupe na kwenye weusi.

"Hamna kitu."

"Angalia vizuri."

Naangalia tena.